Kigiriki Katika Mkoba wa Mtoto wa Tabora

Mtoto anayetoka kwao Ng'ambo au Kanyenye alfajiri, mkoba mgongoni, huwa amebeba daftari, kalamu na karatasi chache za majaribio ya wiki iliyopita. Akiwa amejaliwa, nyumbani kuna kamusi. Anakwenda shule, na shuleni kuna kanuni. Daftari, kalamu, karatasi, kamusi, shule, kanuni: maneno yote hayo yametufikia, kwa njia ndefu, kutoka Kigiriki cha kale. Mtoto huyo hajaambiwa. Januari ikifika anaingia kidato cha kwanza, anapewa kitabu cha biolojia kilichoandikwa kwa Kiingereza, na maneno marefu ya ukurasa wa kwanza yanamfunga mdomo. Maneno hayo nayo ni Kigiriki.

Nafundisha biolojia hapa Tabora, na nimekaa katika kazi hii hadi ninawaona wazazi katika nyuso za wanafunzi wangu. Kila mwaka hali ni ile ile. Mtoto aliyekuwa mwepesi wa kujibu shule ya msingi, alikofundishwa kwa Kiswahili, akifika sekondari ananyamaza. Hajapungukiwa akili. Amekutana na "photosynthesis", "arthropod" na "chromosome" katika juma moja, na njia pekee aliyoonyeshwa ni kukariri. Ndiyo maana katika miezi ile baina ya mtihani wa darasa la saba na Januari, Jumamosi asubuhi, huwa nawakusanya watoto wa mtaani kwetu Cheyo chini ya mwembe, tukafanya kazi moja tu: kukata maneno kwenye viungo vyake.

Mtoto aliyekulia katika Kiswahili ana kipaji cha kazi hiyo kuliko anavyojua. Akiwa na miaka mitatu tayari anasema nimepika, hajapika, wamepikiwa, mpishi, mapishi, na hakuna aliyemkalisha chini kumwonyesha wapi pa kuunga. Anajua kwamba neno lina moyo wake, na mbele na nyuma yake hupachikwa vipande vyenye kazi zao. Sasa mwonyeshe kipimajoto. Atakuambia mara moja: ni kitu kinachopima joto. Mwonyeshe "thermometer" na umwambie kwamba kwa Kigiriki "thermos" ni chenye joto na "metron" ni kipimo. Ataona mwenyewe kuwa ni neno lile lile lililovaa nguo nyingine, na atakumbuka chupa ya chai pale mezani kwao, ile tunayoiita themosi. Kuanzia hapo hamtishi mtu kwa neno lenye "therm" wala lenye "meter".

Vivyo hivyo "photosynthesis". "Phos", na ukiliambisha maneno mengine huwa "photo", ni nuru. "Syn" ni pamoja. "Thesis" ni kuweka. Mmea unaweka vitu pamoja kwa nguvu ya nuru: maji kutoka ardhini, hewa ya kaboni kutoka angani, na chakula kinapatikana. Wataalamu wetu wa istilahi walipotafuta neno la Kiswahili walifuata njia hiyo hiyo, wakasema usanisinuru, na nuru ikabaki mahali pake. Mtoto akishajua "photo" ni nuru, ataielewa pia "photograph", maandishi ya nuru, kwa kuwa "graph" ni kuandika. Na akiijua "graph", jiografia inamfungukia: "ge" ni ardhi, basi ni maandishi juu ya ardhi. Mzizi mmoja unaita wa pili, wa pili unaita wa tatu.

Nirudi kwenye mkoba, maana ndimo utajiri ulimo.

Kwa Wagiriki, "diphthera" ilikuwa ngozi ya mnyama iliyotengenezwa, na watu wa kale waliandika juu ya ngozi. Waajemi walilichukua neno, Waarabu wakalipokea, likawa daftari, kitabu cha kumbukumbu na hesabu. Lakini mwaka 1826 daktari wa Kifaransa aitwaye Pierre Bretonneau alihitaji jina la ugonjwa unaoua watoto kwa kuziba koo lao kwa utando mnene, mgumu, unaofanana na ngozi. Alilirudia neno lile lile la Kigiriki, na humo ndimo ilimotoka "diphtheria", ambayo sisi tunaiita dondakoo. Kwa hiyo muuguzi wa hospitali ya Kitete anayeandika chanjo hiyo katika daftari lake anaandika jina la ngozi ndani ya ngozi. Nimewaambia hivyo watoto wengi, na sijapata kumwona aliyelisahau neno "diphtheria" baada ya hapo.

Karatasi nayo ina ndugu. Mgiriki alisema "khartes", yaani karatasi ya mafunjo. Upande wa mashariki Waarabu wakasema qirtas, nasi tukasema karatasi. Upande wa magharibi Warumi wakasema "charta", Wafaransa "carte", Waingereza "card", nasi tukaipokea mara ya pili, tukaiita kadi. Hivyo kadi ya kliniki na karatasi ya mtihani ni watoto wa mama mmoja waliosafiri pande tofauti za dunia wakaja kukutana Tabora.

Wako ndugu wengine wa aina hiyo, na hawa wana haki ya pekee kusimuliwa hapa kwetu. Wafanyabiashara waliofika Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, katika karne ya 19 walipima pembe za ndovu kwa frasila, na frasila moja ilikuwa takriban ratili 35. Ratili ni Kiarabu, lakini Waarabu waliipata kutoka "litra" ya Kigiriki, kipimo cha uzito. Herufi zilibadilishana nafasi njiani. "Litra" hiyo hiyo ilipita Ufaransa na kuwa kipimo cha vimiminika, na leo mama anayenunua mafuta ya kula sokoni anaomba nusu lita. Ratili ilikuja kwa miguu na misafara. Lita ilikuja na shule na serikali.

Na kamusi? Wagiriki waliuita mto mkuu wa maji waliodhani umeizunguka dunia "Okeanos", na humo Waingereza wamepata "ocean". Waarabu waliigeuza ikawa qamus, bahari kuu. Firuzabadi, mwanachuoni aliyezaliwa Uajemi katika karne ya 14, aliandika kitabu kikubwa cha maneno ya Kiarabu akakiita Bahari Inayozunguka, al-Qamus al-Muhit. Kikapendwa hadi kila kitabu cha maneno kikaitwa kwa jina lake. Mtoto anayefungua kamusi anafungua bahari.

Kalamu ni "kalamos", yaani tete, kwa sababu matete ndiyo yaliyochongwa yakaandikia. Kanuni ni "kanon", fimbo iliyonyooka ya kupimia, na wanaisimu wakiifuatilia nyuma zaidi wanakuta hiyo pia ilianzia kwenye tete, na kwamba Wagiriki wenyewe walilipata neno hilo kwa majirani zao wa Mashariki, wasemaji wa lugha za Kisemiti. Hilo nalisisitiza kwa watoto. Wagiriki hawakuwa chemchemi ya kila kitu. Hata herufi zao walifundishwa na Wafoinike, na ndiyo maana mtoto wa madrasa anayesoma alifu na mtoto wa kanisani anayesikia Alfa na Omega wanataja herufi moja, ambayo jina lake kwa Wafoinike lilikuwa na maana ya ng'ombe.

Shule ilitujia kwa Wajerumani, ambao walijenga boma lao hapa Tabora na reli yao ikafika mwaka 1912. Wao husema "Schule". Zanzibar walipokea ile ya Kiingereza wakasema skuli. Zote mbili zinarudi kwenye "skhole", ambayo kwa Mgiriki ilikuwa nafasi ya mtu aliyepumzika na kazi, wakati wa kukaa na kuzungumza mambo ya maana. Watoto hukataa kabisa kuamini kwamba shule ilianza ikiwa mapumziko, nami siwalazimishi.

Msomaji atauliza maneno hayo ya upande wa mashariki yalipitaje hadi bara. Yalikuja kwa lugha ya pwani, na lugha ya pwani ilikuja kwa njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikafika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa hadi Manyema. Katika njia hiyo walipita wapagazi wa Kinyamwezi na vitambaa na shanga, wakarudi na pembe. Walipita pia watu waliotekwa, wamefungwa minyororo, na hao hawakuchagua kujifunza Kiswahili wala lugha yoyote. Sitaki mtoto aisikie habari ya maneno kusafiri bila kujua nani aliyetembea.

Karatasi ilikuwa kitu cha thamani katika njia hiyo. Msafiri David Livingstone, akiwa Nyangwe katika Kongo ya leo mwaka 1871, aliishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza kwa wino wa matunda ya porini. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, tangu Februari hadi Agosti, akingojea wapagazi na vifaa ambavyo Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, aliahidi kumpelekea. Tembe alimokaa leo ni jumba la makumbusho. Nikiwapeleka watoto huko huwaambia waangalie uwanja, wafikirie wapagazi waliotua mizigo hapo, halafu wajiulize swali moja la biolojia: kwa nini mizigo yote hii ilibebwa na watu? Kwa nini hapakuwa na farasi wala mikokoteni ya ng'ombe?

Jibu ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Naye ananirudisha kwenye Kigiriki, maana mnyororo wa maneno ninaoupenda kuliko yote unamhusu.

Anza na helikopta. Kila mtoto, hata mtu mzima, akiikata anakata "heli" na "kopta". Kiungo hakipo hapo. Neno la Kiingereza limeunganishwa kwa "helix", kitu kilichojizungusha kama parafujo, ambacho kikiambishwa huwa "helico", na "pteron", bawa. Bawa linalozunguka. Herufi hizo mbili, p na t zilizokaa pamoja mwanzoni mwa kipande, ndizo zinazowatia watu tabu. Ukishaijua "pteron" huisahau tena, kwa kuwa utaikuta kwa fundi seremala.

Tabora ni nchi ya mninga. Milango yetu, vitanda vyetu, madawati ya kanisani, vyote ni mninga. Wataalamu wa mimea duniani wanauita Pterocarpus angolensis. Kata kwenye kiungo: "pteron" ni bawa, "karpos" ni tunda. Tunda lenye bawa. Sasa mpeleke mtoto porini wakati matunda ya mninga yamekauka, aokote moja. Ni duara, katikati kuna mbegu iliyozungukwa na miiba miembamba, na pembeni pote kuna ukingo mwembamba unaolipeperusha tunda likianguka. Mwenye kulipa jina aliangalia vizuri. Mtoto akilirusha hewani akaliona linavyokwenda na upepo, amesoma Kigiriki, amesoma biolojia, na amejua kwa nini miche ya mninga huota mbali na mti mama.

Mbung'o naye yumo humo. Wadudu wengi wanaoruka wana mabawa manne, lakini nzi, mbu na mbung'o wana mawili tu, na kundi lao linaitwa Diptera, "di" ikiwa mbili. Mbung'o mwenye mabawa mawili hubeba kidudu kisichoonekana kwa macho, Trypanosoma. "Trypanon" ni keekee, ile ya kutobolea mbao, na "soma" ni mwili. Mwili wa keekee. Ukikitazama kwa hadubini kinajinyonganyonga katika damu mithili ya keekee inayozama katika ubao. Kidudu hicho ndicho kinacholeta malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Farasi na ng'ombe wa mizigo walikufa njiani, hivyo mgongo uliobaki wa kubeba ulikuwa wa binadamu. Wanyamwezi wakawa wapagazi mashuhuri wa Afrika Mashariki nzima, na Tabora ikawa kituo kikuu cha njia yao. Mdudu mwenye mabawa mawili aliuandika sana mkondo wa historia yetu. Na historia, kwa taarifa yako, ni Kigiriki vilevile: "historia" ilikuwa uchunguzi, kuuliza hadi ujue.

Mbele ya kila msafara wa Kinyamwezi alitembea kirangozi, aliyejua njia, visima na mahali pa kulala. Kigiriki kina neno la mtu anayeongoza, "agogos", na "pais", au "paid" ukilitumia katikati ya neno, ni mtoto. "Paidagogos" alikuwa mtumwa aliyemshika mkono mtoto wa bwana wake akampeleka shule na kumrudisha salama. Kutoka kwake tumepata "pedagogy", taaluma ya ualimu, ambayo vyuoni tunaiita pedagojia. Ninapowaza kwamba jina la taaluma yangu ni jina la mtumwa aliyemfikisha mtoto wa mwingine kwenye elimu ambayo yeye mwenyewe alinyimwa, na kwamba naifanya kazi hii katika mji walikopita wenzake wengi kwa minyororo, naona nina deni.

Watoto wadogo zaidi hawahitaji hayo yote. Kwao naanza na majina yao. Katika kundi lolote la watoto wa Tabora utampata Filipo, na humwambii Filipo kitu kitakachomfurahisha zaidi ya kwamba yeye ni mpenda farasi: "philos" ni mpenzi au rafiki, "hippos" ni farasi. Palipo na Filipo hapakosi Sofia, ambaye ni hekima. Waunganishe, rafiki na hekima, upate "philosophy", ambayo Waarabu waliipokea zamani wakaitamka falsafa, nasi tukaichukua kwao. Petro ni mwamba, na mafuta yanayotoka mwambani yakaitwa petroli, nusu Kigiriki nusu Kilatini. Jorji ni mkulima, kwa maana jina lake ni "ge", ile ardhi ya jiografia, na "ergon", kazi. Iskandari wa msikitini na Aleksanda wa kanisani ni mtu mmoja, mlinzi wa watu. Mtoto aliyegundua kwamba jina lake ni sentensi hulala nalo.

Halafu Filipo anapelekwa Ugalla, walau kwa picha. Mto ule, ambao mbuga yake ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, una viboko wengi. Kwa Kiingereza kiboko ni "hippopotamus". Farasi tumeshampata ndani ya Filipo. "Potamos" ni mto. Farasi wa mto! Watoto hucheka, na wana haki, kwani kiboko na farasi hawana undugu wa karibu hata kidogo. Lakini siku mwalimu wa historia atakapoandika Mesopotamia ubaoni, hao hao watajua kuwa ni nchi iliyo katikati ya mito.

Kuna kipande kidogo ambacho nakithamini kuliko vingine kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, nacho ni "a", au "an" mbele ya irabu. Kazi yake ni kukanusha, kama "ha" na "si" zetu. "Tomos" ni kukata: atomu ni kisichokatika. "Haima" ni damu: "anaemia" ni hali ya kukosa damu ya kutosha, na "haima" hiyo ndiyo iliyomo katika himoglobini. Kaskazini yetu, kule Mwadui, John Williamson aligundua mgodi wa almasi mwaka 1940. Almasi ni Kiarabu kilichotoka katika "adamas" ya Kigiriki, kisichoshindika. Kiingereza kilipokea neno hilo hilo kikalitamka "diamond". Ile "a" ya kukanusha Waingereza wameipoteza mwanzoni mwa neno, nasi mwanzo wetu umetoka kwa Waarabu, lakini jiwe ni lile lile na jina ni lile lile.

Vipande vina mipaka, na mwalimu anayesema vinatosha anawadanganya watoto. Jina linasimulia kile ambacho aliyelitunga alikiamini siku ile. Mwaka 1777 Mfaransa Antoine Lavoisier aliita sehemu moja ya hewa tunayovuta "oxygène", kwa "oxys", kikali au chenye uchachu, na "gen", kinachozaa. Aliamini kila asidi huzaliwa na oksijeni. Baadaye ikaonekana asidi ya haidrokloriki, hata ile iliyomo tumboni mwetu, haina oksijeni ndani yake. Jina lilibaki, imani ikaanguka. Haidrojeni, kinachozaa maji, ilipewa jina la kweli zaidi: ichome hewani, utapata maji.

Mpaka wa pili ni maneno yanayofanana kwa bahati tu. "Tele" ya Kigiriki ni mbali, ndiyo iliyomo katika televisheni na telegramu, wala haina uhusiano na tele yetu tunaposema mwaka huu asali ni tele. "Soma" ya kidudu cha malale na ya kromosomu ni mwili. Haisomi kitabu chochote. Na "ped" ya pedali ya baiskeli ni mguu wa Kilatini, tofauti na yule mtoto wa pedagojia. Mguu wa Kigiriki ni "pod": "arthropod" ni mwenye miguu yenye viungo, "arthron" ikiwa kiungo, ambayo ndiyo pia inayowauma wazee wetu wenye "arthritis". Kwa hiyo kila Jumamosi sheria yetu ni kwamba mtoto akidhani ameona mzizi, sharti alete neno la pili lenye mzizi huo na maana zilingane. Asipolipata, tunasubiri.

Wagiriki, kwa upande wao, walikuwa wamesikia habari zetu muda mrefu kabla ya sisi kusoma habari zao. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, akataja bandari ya pwani yetu iitwayo Rhapta, akaeleza kuwa imeitwa hivyo kwa mashua zake zilizoshonwa, kwani "rhaptein" ni kushona. Ukoo wa neno hilo umo pia katika "rhapsody", wimbo ulioshonwa vipande kwa vipande. Karne moja baadaye Ptolemy wa Aleksandria aliandika kwamba Mto Nile unalishwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kaze, Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, walikuta wenyeji wanaitwa Wanyamwezi, wakamkumbuka Ptolemy. Speke aliporudi aliichora Milima ya Mwezi katika ramani yake. Maelezo yanayotolewa zaidi kwetu ni mepesi kuliko hayo: watu wa pwani waliwaita hivyo wa huku kwa sababu tuko magharibi, upande unaoandama mwezi mpya.

Neno moja la Kigiriki lilifanyiwa kazi nzito hapa mjini kuliko mengine. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora kuamua kama kitashiriki uchaguzi ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliona ni tusi, na walikuwa na sababu. Julius Nyerere, aliyesoma Tabora School na baadaye kufundisha Mtakatifu Maria hapa hapa mjini, aliwashawishi wajumbe washiriki, na TANU ikashinda. Tunauita Uamuzi wa Busara. "Demos" ni umma, "kratos" ni nguvu au utawala. Nikilikata neno demokrasia mbele ya watoto wa Tabora, sihitaji kuwapeleka Athens kwa mfano.

Mzazi mwenye mtoto aliyemaliza darasa la saba, nina ombi. Mnunulie daftari moja jembamba. Kila ukurasa juu aandike mzizi mmoja: bio, uhai, ge, ardhi, photo, nuru, graph, kuandika, therm, joto, metr, kipimo, hydr, maji, pod, mguu, pter, bawa, a na an, kukanusha. Chini yake aandike kila neno analokutana nalo lenye mzizi huo, la Kiingereza au la Kiswahili, na achore picha. Mwalimu mwenzangu wa sekondari, toa dakika kumi za kipindi cha kwanza cha kila mada kukata istilahi zake ubaoni kabla hujaanza kuandikisha maelezo. Shule ya msingi nayo haihitaji kibali kipya kwa hili. Somo la Kiswahili linatosha, maana nusu ya mizizi yenyewe tayari imo ndani ya Kiswahili. Januari haiko mbali. Anzeni Jumamosi hii.